Nambeba Dada Yangu Vizuri

Binti wa kaka yangu anasomea utalii hapa Dodoma, na mwaka huu ameongeza Kihispania. Jumamosi moja ya Agosti alikuja kwangu Ilazo na daftari lake, akanipa shikamoo, akaketi kwenye ngazi za baraza huku upepo ukimfunulia kurasa na kumjazia vumbi. "Ba'mdogo," akasema, "kuna sentensi nimeitafsiri, nikaona aibu kuisoma darasani." Sentensi yenyewe ilikuwa *Me llevo bien con mi hermana*. Kamusi ilikuwa imemwambia kwamba *llevar* ni kubeba, kuchukua kitu ukakipeleka mahali. *Bien* ni vizuri, *hermana* ni dada. Basi akaandika kwa penseli: "Nambeba dada yangu vizuri."

Mhispania akisema hivyo anamaanisha kwamba yeye na dada yake wanaelewana. Kwetu kubebana ni habari nyingine kabisa: wanaobebana ofisini ni wale wanaopeana vyeo bila sifa, na timu inayobebwa ni ile ambayo refa amesahau kuitolea kadi. Tulicheka. Lakini chai ilipokuja tulikuwa bado tuko kwenye sentensi ile ile, na kila tulipoigeuza nikazidi kuona kwamba binti hakuwa amekosea sana. Alikuwa tu amekosa mtu wa kumwonyesha kwamba nusu ya kazi Kiswahili kilishamfanyia.

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyotufikia vimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Vinatumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo mtoto wa Majengo au Chang'ombe anayajua kabla hajaanza shule, kisha vinapita kimya pale hasa atakapojikwaa. Si jambo la kupuuza, maana lugha hizi mbili zinazidi kukutana. Itifaki ya kurekebisha Katiba ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Maputo mwaka 2003, iliziorodhesha Kihispania na Kiswahili pamoja kati ya lugha rasmi za Umoja huo, na Novemba 2024 Havana ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa la Kiswahili lililohudhuriwa na Rais Samia Suluhu Hassan. Watu watajifunza, iwe kwa kwenda Cuba au kwa kungoja watalii Seronera. Afadhali wajifunze kwa kuanzia walipo.

Chukua mfano unaowatesa Waingereza kuliko yote: *me gusta la música*. Kwa Kihispania mtu hapendi muziki. Muziki ndio unaomfanyia kitu yeye. Vitabu vinachora mishale kueleza jambo hilo. Mswahili anahitaji nusu mstari: muziki unanipendeza. Muziki ndio mtenda, na mimi nimo ndani ya kitenzi kama -ni-. Hata mahali pa kukaa ni pamoja, kwa kuwa *me* huja mbele ya kitenzi cha Kihispania kama -ni- inavyotangulia mzizi wetu. Tusikae hapo.

Kazi kubwa iko kwenye *se*. Kihispania kina chombo kimoja kwa kazi mbili ambazo Kiswahili hakijawahi kuzichanganya. *Se miran* inaweza kuwa kwamba wanajitazama, kila mtu na kioo chake, au kwamba wanatazamana, macho kwa macho. Msikilizaji wa Kihispania huamua kwa kuangalia mazingira, na msemaji akiona hatari ya kueleweka vibaya huongeza *el uno al otro*, mmoja kwa mwingine, au *a sí mismos*, wao wenyewe. Sisi tumeziweka kazi hizo kwenye ncha mbili za kitenzi. Nafsi inayojirudia ina -ji-, mbele ya mzizi. Watu wanaotendana wana -ana, mkiani. Anayejichukia ana shida na nafsi yake. Wanaochukiana wana shida ya ujirani, na hakuna Mswahili atakayewachanganya hata akiwa na usingizi. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anapokutana na *se*, swali la kujiuliza ni moja: kwa Kiswahili ningesema -ji- au -ana? Akishajibu hilo, *se llevan bien* haimtishi tena. Ni -ana iliyovaa nguo nyingine na kuhamia mbele.

Mtego uko mbele kidogo. Kiswahili kina "na" moja inayobeba mizigo miwili. Katika "Juma na Maria wanaelewana" ni ya kuunganisha majina, na katika "Juma anaelewana na Maria" ni ya kumleta mwenzi. Kihispania kimezigawa: ya kwanza ni *y*, ya pili ni *con*. *Juan y María se llevan bien*, kitenzi cha wingi. *Juan se lleva bien con María*, kitenzi cha umoja. Mpangilio huo tunao tayari, wa- na a-, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani tulinong'onezana. Lakini kwa sababu sikio letu linasikia "na" ile ile, mwanafunzi ataandika *Juan se lleva bien y María*, naye Mhispania atabaki anangoja sentensi iishe. Binti yetu alikuwa na makosa matatu ya aina hiyo katika ukurasa mmoja, yote yamepigiwa mstari mwekundu bila maelezo.

Halafu kuna jambo lililonifurahisha zaidi, ingawa mwalimu wa darasani huenda asilipende. Tunaposema "tulikwenda na Maria sokoni", mara nyingi tulikuwa wawili tu, mimi na Maria. Ile tu- imeshamhesabu. Kihispania cha Chile na Argentina hufanya hivyo hivyo: *con María fuimos al mercado*, na waliokwenda ni wawili. Kwa hiyo "tunaelewana na Maria" ina ndugu yake kule kusini mwa Amerika. Sarufi za shuleni zitasema watu walikuwa watatu au zaidi.

Baada ya hapo lugha zinaachana njia. Kihispania kina kitenzi kimoja na rundo la viambatisho. Unabebana vizuri, vibaya, ajabu, kama mbwa na paka (kwetu ni paka na panya), na mambo yakiharibika kabisa *se llevan a matar*, wanabebana hadi kuuana. Kitenzi chenyewe hakisemi lolote. Ukikiacha bila *bien* au *mal*, Mhispania wa Madrid atakuuliza, vipi? Kiswahili kimefanya kinyume. Hatuna kitenzi mtupu cha uhusiano ambacho tunakipaka rangi baadaye. Rangi imo ndani ya mzizi. Watu husikilizana, hupatana, huelewana, huvumiliana, huzoeana, hustahiana. Wakianza kushuka hupishana kauli, hukwaruzana, hununiana, husutana, hukosana, hadi hufika mahali hawasalimiani. Kila hatua ina jina lake na kila jina lina -ana. Mtu akiniambia kwamba Kiswahili ni maskini kwa sababu hakina neno moja la *llevarse*, nitamwuliza yeye ana neno gani moja la kununiana.

Patana ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mzizi ni pata, kwa hiyo waliopatana "wamepatana" kwa maana ya kwamba kila mmoja amempata mwenzake. Nenda Soko la Majengo asubuhi, pale penye marundo ya nyanya na vitunguu, umsikilize mama anayeuza na mteja wake. Mteja anataja bei, mama anacheka kama aliyetukanwa, mteja anageuka kuondoka hatua mbili za uongo, mama anaita, "Njoo basi, tupatane." Hapo hakuna urafiki wala uadui, kuna watu wawili ambao kila mmoja anamtafuta mwenzake alipo. Na matangazo ya viwanja vya Iyumbu na Nzuguni yanayobandikwa kwenye nguzo huishia kwa maneno mawili, "bei maelewano". Kihispania kingetumia kitenzi kingine kabisa hapo, *regatear* kwa mabishano ya bei na *ponerse de acuerdo* kwa mwisho wake. Kwetu bei, ndoa na ujirani vyote vimefungwa kwa mkia mmoja.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao -ana haiwezi kuusema. Umekutana na mtu leo, hamjapata hata nafasi ya kugombana, lakini unamwona ni mtu. Mhispania atasema *me cae bien*, ananiangukia vizuri. Hayo ni yangu mimi. Yeye huenda *yo le caigo mal*, mimi namwangukia vibaya. Kitenzi ni cha njia moja, hakiahidi kurudi. Binti alitaka kuandika "tunapendana", nikamzuia. Neno letu lipo, na ni zuri kuliko la kwao: nimempenda bure. Hakunifanyia lolote, hanidai, simdai. Ukitaka lenye mwili zaidi, damu zetu zimeendana. Vijana wa siku hizi wamelifupisha wakalifikisha "zinaiva", na ukiwauliza ile zi- inasimamia nini wanakutazama tu. Nadhani ni damu, labda kwa kuchanganya na wale wasioiva chungu kimoja, lakini kitenzi kimeshajitegemea na hakimhitaji mtenda tena. Jambo la kukumbuka kwa mwanafunzi ni kwamba *caer* na *llevarse* hazibadilishani viti. Mtu wa siku moja *te cae bien*. Wa miaka kumi *te llevas bien con él*.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonishughulisha kuliko Kihispania chenyewe. Kila lugha inayoweza kusema "tunatendana" inaweza pia kuficha nani alianza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kwamba anayetaka talaka apitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Niliwahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, upande wa ndugu wa mume. Mwenyekiti aliuliza tatizo ni nini. Mume akajibu haraka, "Hatuelewani." Neno moja, limekaa sawa, na lawama limeigawa katikati kama muwa. Mke akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Yeye hanisikilizi. Na fedha za alizeti alizichukua." Angalia vitenzi. Cha mume kina hatu- mwanzoni na -ana mwishoni, wawili wamo, hakuna mkosaji. Vya mke vina ha- na -ni-, na a-: mtu mmoja anatenda, mwingine anatendewa. Mzee mmoja wa baraza, Mgogo aliyekuwa hasemi sana, aliweka kalamu chini akamwambia mume, "Hatuelewani ni nyinyi wawili. Mimi nauliza wewe."

Sijawahi kusikia somo la kauli ya kutendana lililo fupi kuliko hilo. Kihispania kina mlango huo huo wa kutorokea. *Nos llevamos mal* inagawa lawama, *me trata mal*, ananitendea vibaya, inaitaja mahali ilipo. Mkalimani wa hospitali au wa mahakama anayegeuza moja kuwa nyingine kwa kutaka sentensi isikike laini amehamisha kosa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wawili. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema sarufi ya mahusiano ni somo la ngazi ya kwanza, la kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Siasa nayo imejifunza. Maridhiano, neno lililotawala Zanzibar tangu Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Novemba 2009 hadi kura ya maoni ya Julai 2010, limetoka kwenye kuridhiana. Ndani yake kuna -ana, kwa hiyo linadai pande mbili hata likiwa jina la kupamba hotuba. Upande mmoja ukiridhia peke yake, hilo ni ridhaa tu.

Elewana ina historia yake. Wataalamu wanaitoa kwenye elea, kuelea juu ya maji na kuwa wazi: mambo yamenielea. Kutoka hapo ikaja elewa, ambayo zamani ilikuwa kauli ya kutendwa, halafu elewana. Kihispania kimepita njia jirani, kwa kuwa *entenderse* ni kuelewana kwa akili na pia kupatana, na ukiongeza *con* kwa sauti fulani ya uswahilini inakuwa uhusiano wa siri wa kimapenzi, kama sisi tunavyosema "hao wanajuana" tukikonyeza. Lakini uwanda huu wa kati umezitenganisha maana mbili za elewana kwa namna ambayo sijui kama Madrid wangeifikiria. Kaskazini mwa mji huu, Kondoa na Chemba, wanaishi Warangi wanaosema lugha ya Kibantu, Waburunge wenye lugha ya Kikushi, na Wasandawe ambao lugha yao ina vidoko na kwa muda mrefu imehesabiwa pamoja na za Kikhoisan. Wafugaji Wataturu, wasemaji wa Kiniloti, wanapita na mifugo yao. Familia nne za lugha zinakutana katika eneo ambalo basi hulivuka kwa siku moja. Watu wawili pale wanaweza kuwa hawaelewani hata neno moja la lugha za mama zao, na wakawa wanaelewana miaka arobaini mpaka wakaoana. Kiswahili kinasimama katikati. Dodoma yenyewe, iliyotangazwa makao makuu mwaka 1973 ikangoja hadi 2016 ndipo serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo, imekuwa Kondoa kubwa: Mhaya, Mchaga na Mmakonde wamepangiwa ghorofa moja kule Mji wa Serikali, na lifti ni moja.

Turudi kwenye kubeba, maana nimemwacha binti na daftari lake. *Llevar* imetoka kwenye neno la Kilatini la kuinua. Tukitafuta katika Kiswahili neno la uhusiano lenye mzigo ndani yake, lipo, na tunalisikia kila Jumamosi ya harusi: kuchukuliana. Chukua ikaongezwa -li-, ikaongezwa -ana. Mchungaji akiwaambia maharusi wachukuliane hawaambii wafanane mawazo. Anajua mmoja atakoroma na mwingine atasahau kufunga geti. Anachoomba ni kwamba kila mmoja amchukue mwenzake na uzito wake. Kwa maana ya kamusi *llevarse bien* ni kuelewana. Kwa picha iliyomo ndani ni kuchukuliana. Nikamwambia binti, ile tafsiri yako ya penseli usiifute, uikunje tu pembeni. Akaniuliza kama mtihani utakubali. Nikamwambia mtihani andika kuelewana.

Lakini kuna *llevarse* moja ambayo haina *bien* wala *mal*. Niliijua kwa kuchelewa, na ni ya Mexico. Kule, ukisema tu *se llevan*, wanabebana, unamaanisha kwamba watu hao wana ruhusa ya kutaniana, hata utani mzito, bila mtu kununa. Wana msemo wao mfupi, *el que se lleva se aguanta*, anayejiingiza avumilie. Niliposoma hilo nilisimama. Huo ni utani wetu! Si utani wa kuchekesha, bali ule wenye sheria, wa babu na mjukuu, wa shemeji, wa ukoo na ukoo, ambao Peter Rigby aliuandikia makala mwaka 1968 baada ya kuishi Ugogo. Mtani anakutukana mbele za watu nawe huruhusiwi kukasirika. Msiba ukitokea, huyo huyo ndiye anayekuja kuvuruga kilio kwa vituko na kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Ukimwuliza Mgogo kama yeye na mtani wake wanaelewana, swali litamshangaza kidogo. Hawaelewani wala hawagombani. Wanataniana.

Binti aliijua hali hiyo kwa macho. Mama yangu, bibi yake, yuko kijijini wilaya ya Chamwino, na ana mtani wake wa ukoo, mzee mwenye fimbo na koti la mvua analolivaa kiangazi. Julai tulipokwenda, mzee alifika tukiwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, akasimama mlangoni, akamtazama bibi kwa muda. "Bado upo? Nimekuja na sanda, kumbe nimewahi." Bibi hakuinua kichwa. "Iache hapo, utaihitaji ukirudi." Kisha akamsogezea kigoda na sahani ya pili, ambayo naona ilikuwa imepakuliwa kabla hajafika.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuandika sentensi tano kuhusu jamaa zake. Nne aliziandika kwa *bien* na *con*, safi kabisa. Ya tano ilikuwa *Mi abuela y su mtani se llevan*, na nukta. Daftari lilirudi wiki iliyofuata. Zile nne zina alama ya vema. Kwenye ya tano, baada ya *llevan*, kuna alama ya kuulizia kwa wino mwekundu na neno moja pembeni: *¿cómo?*